Sita, Nne, Nne

Jumatatu, 14 Julai

Nimepoteza kitabu cha mashine leo saa 4:20 asubuhi. Mistari 1,250. Nimekipata tena saa 4:51. Kwa dakika 31 hizo mayai hayakuwa na joto.

Kitabu ni jina langu tu. Ni faili ndani ya kompyuta ndogo inayoendesha mashine ya kutotolesha. Kila dakika kumi programu inaandika humo joto, unyevu, na trei zimegeuzwa mara ngapi. Umeme ukikatika na kurudi, programu inasoma kitabu kwanza ijue imefikia siku ya ngapi. Isipoweza kukisoma inasimama. Niliiandika hivyo mwenyewe nikaona ni busara.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Maji kwenye sinia, joto 37.6, chai. Fundi Elia akaja kubadilisha feni. Akazima umeme dakika sita. Alipowasha, kioo kikaandika: "Kitabu hakipo." Balbu hazikuwaka.

Kipo. Nimekiona kwa macho yangu, ukubwa ule ule. Nikikifungua, naambiwa ruhusa imekataliwa. Mimi! Jina la mmiliki ni langu.

Elia akaingia kwa jina lake. Kikafunguka palepale. Akacheka. "Kwangu kinakubali, dada Rehema. Labda mashine imenipenda mimi."

Sikucheka.

Nikaandika amri kwa mkono: chmod 644. Naijua kama namba yangu ya simu. Kusoma ni 4, kuandika ni 2. Sita ya mwanzo ni yangu, nisome na niandike. Nne ya pili ni ya watu wa kundi langu, wasome tu. Nne ya mwisho ni ya watu wengine wote, wasome tu. Kikafunguka.

Kabla ya kufungua nilinakili herufi za ruhusa zilivyokuwa: --w----r-T. Maana yake mwenye mali aandike lakini asisome. Mpita njia asome. Nani anapanga nyumba yake hivyo? Na hiyo T sijawahi kuiona.

Jumanne, 15 Julai

37.6. Unyevu 55. Upepo wa Julai unapita chini ya mlango, nimeziba kwa gunia.

Niandike vizuri kilichomo humu ndani, maana nikikasirika nasahau.

Mayai 264. Yametoka Mgori, nyumba kumi na mbili, kila nyumba mayai 22. Kideri kilipita kule mwezi wa nne, kikafagia mabanda. Kuku waliobaki ni wachache mno, na ndio waliotaga haya. Mama Mdogo Salome, mdogo wake marehemu mama, aliyakusanya nyumba kwa nyumba. Wanawake wale wangeweza kumwachia kila kuku alalie ya kwake. Wakaniamini mimi na sanduku langu la mbao. Mayai haya yakifa, Mgori wanarudi kwenye mabanda matupu, na mimi sirudi Mgori.

Elia ndiye aliyeyaleta kwa pikipiki yake, safari mbili. Hakuvunja hata moja. Hilo nalikubali.

Jumamosi niliyamulika kwa tochi. 31 hayakuwa na kitu, nimeyatoa. Yamebaki 233.

Jumamosi hiyohiyo niliongeza mstari mmoja kwenye programu. Sababu ni Elia huyuhuyu. Wiki iliyopita alifungua kitabu akaandika katikati ya namba: "Joto safi, hongera dada." Programu ikasoma maneno mahali pa joto, ikachanganyikiwa. Kwa hiyo nikaweka kwamba programu ikishawaka na kufungua kitabu, iuombe mfumo wenyewe wa kompyuta uweke ruhusa 644. Wengine wasome, wasiguse. Namba ileile. Hapo pako sawa, sina haja ya kupaangalia.

Lakini Elia ndiye aliyeweka mfumo kwenye kompyuta ile. Nenosiri kuu analijua. Anaweza kubadilisha chochote, cha mtu yeyote.

Na kuna jambo jingine. Mtaani hapa Mandewa wanaiita "mashine ya Elia." Yeye ana cheti cha chuo. Mimi niliishia kidato cha pili, programu nilijifunza kwenye simu iliyopasuka kioo, miezi kumi na minne. Yeye alifunga waya. Nani anawaambia kuwa ni yake?

Alhamisi, 17 Julai

Tena.

Umeme umekatika saa 3 asubuhi, ukarudi saa 3:40. Kioo: "Kitabu hakipo." Herufi zilezile, hadi T. Elia alikuwa hapa jana kukaza skrubu za feni. Jana! Nani mwingine?

Nimefungua kwa mkono, 644, ikakubali. Kisha nikafunga mlango nikaenda Utemini kwenye kibanda chake.

Palikuwa na watu. Mama wa chipsi, vijana wawili wa bodaboda, mzee mmoja na redio yake. Nikasema mbele yao wote. Kwamba ananifungia kitabu changu na kujiachia dirisha. Kwamba anataka mayai yafe ili nimpigie magoti. Maneno mengi. Nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga njiani.

Kijana wa bodaboda akasema, "Elia, umekamatwa, toa yai!" Wakacheka.

Elia hakucheka. Aliweka chini kifaa cha kuchomelea. "Dada Rehema, mimi najua waya. Hiyo namba yako hata sijui inaandikwa wapi."

Nikamwomba ufunguo wa geti. Akautoa kwenye mnyororo wake, polepole, kucha yake ikakwama. Akanipa. Mzee wa redio akaongeza sauti.

Nimebadilisha nenosiri kuu. Nimefuta jina la Elia kwenye kompyuta. Sasa tuone.

Ijumaa, 18 Julai

37.6. 37.6. 37.5. 37.6.

Nimeshinda. Mbona sijisikii kushinda?

Ile T inanisumbua. Mtu anayetaka kunifungia nje angeondoa kusoma na kuandika vyote. Huyu kaniachia kuandika. Mwizi gani anaiba kofuli na kuacha mlango?

Jumapili, 20 Julai

Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Nilikwenda Mgori asubuhi kumweleza Mama Mdogo. Simu haifai kwa habari ya namna hiyo. Nilimkuta anaanua vitunguu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, na kabla sijamaliza habari ya Elia akanikatiza.

"Elia yupi? Yule aliyebeba mayai?"

"Huyohuyo."

"Yule kijana alituambia hapa, mbele ya wanawake wote. Alisema, 'Msinishukuru mimi. Hii ni akili ya Rehema, mimi nimefunga waya tu.' Sasa leo amekuwa mchawi?"

Nikasema watu hubadilika. Akasema kitu kwa Kinyaturu ambacho sitakiandika.

Nimerudi saa 7:25 mchana. Mashine imezima. Jirani anasema umeme ulikatika saa 4:50, ukarudi saa 5:10. Kwa hiyo dakika 155 bila joto, na 135 kati ya hizo umeme ulikuwepo, programu imegoma tu. Kipimajoto cha kioo ndani ya mashine: 29. Kioo cha kompyuta: "Kitabu hakipo."

--w----r-T.

Elia hana ufunguo. Hana jina. Hana nenosiri. Hata simu sijampigia.

Nimewasha balbu kwa swichi ya mkono. Nimekaa kwenye ndoo mbele ya mashine mpaka kipimajoto kikafika 37. Nilichukua yai moja la trei ya kati nikaliweka shavuni. Siku ya kumi na tano, kifaranga tayari ana manyoya humo ndani. Lilikuwa limepoa kama la sokoni.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeacha kutafuta mtu. Nimetafuta dakika.

Nimefunga mlango kwa komeo. Ndani ni mimi na mayai.

Kwanza nimeandika kwa mkono chmod 644. Nimetazama herufi: -rw-r--r--. Sawa kabisa.

Pili nimesubiri dakika tano bila kugusa. Nimetazama: sawa.

Tatu nimewasha programu. Nimetazama: --w----r-T.

Sekunde moja. Sijameza hata mate.

Ni programu yangu. Mstari wangu wa Jumamosi tarehe 12. Nimerudia mara tatu, majibu ni yaleyale. Kwa mkono 644 inafungua. Ndani ya programu 644 inafunga.

Nimeelewa pia kwa nini Jumamosi na Jumapili hakukuwa na tatizo. Mfumo unauliza ruhusa mlangoni tu, faili inapofunguliwa. Programu ilikuwa imekwisha kuingia ndipo mlango ukafungwa nyuma yake. Ikaendelea kuandika raha mustarehe kwa siku mbili. Umeme ulipokatika ikatoka nje. Iliporudi ikakuta imejifungia yenyewe. Elia siku ile alizima tu umeme. Angezima bibi yangu ingekuwa hivyohivyo.

Nimefuta mstari ule kwa sasa. Kitabu kiko wazi, mashine inakwenda.

Lakini kwa nini? Namba ni moja. Sita, nne, nne. Nimeitazama mpaka imekuwa kama michoro ya watoto.

Jumanne, 22 Julai

Nimeipata.

Nilianza na maelezo ya lile ombi la programu kwa mfumo, yamo ndani ya kompyuta, Kiingereza kigumu. Nimesoma mara nne. Sehemu moja wanaandika mifano ya ruhusa, na kila namba ina sifuri mbele. Nilidhani ni pambo.

Si pambo. Ruhusa zinahesabiwa kwa makundi ya nane, si ya kumi. Amri ya mkono inalijua hilo, ndiyo maana ukiandika 644 inaelewa ni sita, nne, nne. Programu hailijui mpaka uiambie, na unaiambia kwa kuanza na sifuri. Nisipoweka sifuri inasoma kama karani wa ghala: mia sita arobaini na nne.

Basi nikachukua kalamu. Hapa ndipo ninapojiamini.

644 gawanya kwa 8: 80, baki 4.
80 gawanya kwa 8: 10, baki 0.
10 gawanya kwa 8: 1, baki 2.
1: baki 1.

Soma kutoka chini: 1, 2, 0, 4.

Mbili ni ya mwenye mali: kuandika tu. Sifuri ni ya kundi: hakuna kitu. Nne ni ya wengine wote: kusoma. Na ile moja ya mbele kabisa ni alama ya pekee, ndiyo hiyo T. Herufi kwa herufi. Hakuna iliyobaki nje.

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Ni hesabu safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na inathibitisha kwamba mimi ndiye mwizi.

Hata kwa nini Elia aliweza kusoma nami siwezi, iko wazi. Mfumo ukikukuta wewe ndiye mmiliki, unaangalia namba ya mmiliki na kuishia hapo. Haukuhurumii ukakupeleka kwenye fungu la wengine. Elia alikuwa "wengine." Nne yake ilikuwa nzima.

Na mimi ni mtu ninayeishi na jambo hili kila siku! Kompyuta inaandika 10:20, mimi naandika saa 4:20. Sijawahi kugombana nayo. Najua yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane, mimi nahesabu kuanzia alfajiri. Natoa sita, naendelea na chai. Kwenye saa nilikubali kwamba inasoma kwa namna yake. Kwenye ruhusa nikaona ni lazima inisome mimi.

Nimeandika 0644. Nimewasha. -rw-r--r--. Nimezima umeme kwa makusudi, nikawasha. Ikasoma kitabu, ikajua ni siku ya kumi na saba, ikawasha balbu.

Kisha nimerekebisha mawili mengine ambayo ni dhambi yangu pia. Ujumbe: niliweka mmoja tu, "Kitabu hakipo," kwa kila kosa. Sasa utasema sababu ya kweli. Na programu ikishindwa kusoma, iwashe joto kwanza, ilalamike baadaye.

Naona aibu. Haipungui kwa kujua hesabu yake.

Jumatano, 23 Julai

Siku ya kumi na nane. Mashine imeacha kugeuza trei, kama ilivyopangiwa. Nimeongeza maji.

Nimemulika yote. 11 yamekufa. Yamebaki 222. Siwezi kujua mangapi ni ya dakika zile 155 na mangapi yangekufa tu. Nimejaribu kupiga hesabu nikaacha. Nitawaambia Mgori kumi na moja, na nitawaambia ni mimi.

Nimempigia Mama Mdogo, nimemwambia yote. Akauliza: "Ulimsema mbele ya watu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi unajua pa kwenda."

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwenda Utemini saa 5 asubuhi. Nilichagua saa ileile ya Alhamisi ile ili niwakute walewale. Mama wa chipsi alikuwepo. Mzee wa redio alikuwepo. Bodaboda alikuwepo mmoja, inatosha.

Nikasema kwa sauti. Kwamba Elia hakugusa kitu. Kwamba kosa ni langu, nimekosa sifuri moja kwenye programu niliyoiandika mwenyewe, na nikamtukana kwa ajili ya sifuri hiyo.

Bodaboda akauliza, "Sifuri si ni bure tu, dada? Ikikosekana kuna hasara gani?" Mama wa chipsi akamwambia anyamaze, ila naye alikuwa anatabasamu.

Elia alikuwa na redio ya mtu imefunguliwa tumbo. Aliendelea kuchomelea waya. Nikaweka ufunguo wa geti mezani kwake.

Akasema, "Nimesikia."

Basi. Ufunguo hakuushika. Niliuacha palepale nikarudi kwa miguu.

Nimesikia si ndiyo. Nimesikia si hapana.

Jumamosi, 26 Julai

Saa 1:15 asubuhi, ufa wa kwanza. Trei ya kati, mstari wa tatu.

Mpaka saa 6 mchana 58. Mpaka saa 11 jioni 131. Sifungui mlango, naangalia kwa kioo. Wanasukumana kama watu wa mnada.

Umeme ulikatika dakika tisa ukarudi. Mashine ikasoma kitabu ikaendelea. Hata sikuinuka kutoka kwenye ndoo.

Jumatatu, 28 Julai

Vifaranga 187. Thelathini na matano hayakupasuka, nimeyafukia nyuma ya choo.

Mama Mdogo amekuja na wanawake wawili na matenga. 187 kwa nyumba kumi na mbili ni 15, na baki 7. Nilikuwa nimekwisha andika hesabu hiyo, sikujua la kufanya na baki. Nilitarajia ubishi. Haukuwepo. Mama Mdogo aliwatenga saba mwenyewe kwenye boksi la sabuni.

"Hawa ni wa yule aliyewabeba."

Wenzake wakaitika. Wakafunika matenga kwa kanga, wakaondoka na gari la saa 8.

Nyumba imekuwa kimya. Mashine nimeizima, nimeisafisha, nimeacha mlango wake wazi ikauke. Kitabu nimekifunga na mistari yake yote. Boksi liko karibu na jiko. Saba wamelala kwa rundo, mmoja mweusi amepanda juu ya wenzake.

Mgori wanataka kuleta mayai mengine mwezi ujao. Feni ya pili lazima ifungwe, na waya mimi si mtu wa waya.

Nimemwandikia Elia ujumbe huu, naunakili hapa ili nisije nikasema nilisema vingine:

"Elia. Vifaranga saba ni wako, wanawake wa Mgori wamekupa. Siku ya Alhamisi natoa chanjo ya kideri, kwa hiyo waje kwako au wabaki kwangu, nijue. Jina lako nimelirudisha kwenye kompyuta, na kitabu unaweza kukisoma. Kuandika humo bado huwezi, hilo sibadilishi. Kwenye boksi la mashine nimeandika kwa rangi: programu Rehema, waya Elia. Swali langu ni moja. Unarudi kazini au hurudi? Sitaki 'nimesikia.' Nataka ndiyo au hapana, Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Saa nne yetu, si ya kompyuta."